Simu Moja, Laini Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Simu ya Kazi na ya Nyumbani

Wengi wakichoka kubeba simu mbili hukimbilia dukani kununua simu moja kubwa. Huko ni kuanzia mwisho. Simu yenyewe ni kazi ya alasiri moja. Kinachochukua muda, na kinacholeta hasara kikivurugwa, ni laini. Laini ina jina la mtu kwenye rejista, ina M-Pesa, ina WhatsApp, ina benki na Sacco zilizofungwa kwake, na pengine ina Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa salio likipungua, ambayo haijalipwa. Kwa hiyo tutaanzia kwenye laini. Na msimamo wangu niuseme mapema: unganisha simu, usiunganishe laini. Anayetupa nambari ya kazi na kuwapa wateja ile ya nyumbani hajapunguza mzigo, ameuhamishia sebuleni.

Ninawafikiria hasa watu wa kazi za kuzunguka huku upande wa ziwa na Magharibi mwa Kenya: afisa wa mauzo ya mbegu anayetoka Kisumu alfajiri kwenda Ahero, Awasi na Muhoroni; afisa wa nyanjani anayeshinda Vihiga na kulala Kakamega; mwenye duka la vipuri Luanda ambaye ana nambari ya wateja na nambari ya nyumbani.

Kuna wasiofaa kuunganisha, na ni vizuri wajijue sasa kabla hawajasoma hadi mwisho. Wakala wa M-Pesa asiguse laini ya duka. Ikae kwenye simu yake, ikae dukani, na mfanyakazi aweze kuachiwa. Anayeshika pesa za ofisi kupitia laini yenye jina la shirika naye abaki na simu mbili, kwa sababu siku mkaguzi akija hutaki kumpa simu iliyo na picha za harusi ya dada yako. Na kama kampuni yako hudai simu ya kazi iachwe ofisini jioni, basi umeshapewa mapumziko ambayo wengine wanayalilia. Usiyarudishe.

Hatua ya kwanza: laini hizi ni za nani?

Piga *106# kwenye laini ya Safaricom uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usishangae ukikuta nambari usiyoijua; iripoti ikatwe. Usishangae pia ukikosa nambari ambayo umeitumia miaka yote. Laini nyingi zilinunuliwa barabarani, zikasajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji, cha mama, au cha kijana aliyekuwa akiuza chini ya mwavuli. Mwenye laini hiyo huambiwa ukweli siku anapoenda kubadilisha kadi: "Mama, laini hii haiko kwa jina lako. Aliyeisajili aje mwenyewe na kitambulisho." Na aliyeisajili yuko Mombasa, au hayupo tena.

Njia nyingine ya haraka ni kumwambia mtu unayemwamini aanze kukutumia pesa, asome jina linalojitokeza kabla ya kukubali, kisha akatize. Jina hilo ndilo linalotambulika.

Laini ikiwa ya mtu wa familia, nendeni wawili kwenye duka la kampuni ya simu, kila mmoja na kitambulisho chake halisi, mbadilishe umiliki. Fanyeni hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa ni ya mwajiri, mambo ni tofauti: nambari si yako hata kama umeibeba miaka kumi, na ukiacha kazi itabaki. Mwandikie msimamizi barua pepe fupi, si ujumbe wa WhatsApp unaopotea: unaomba kuiweka laini ya kazi kwenye simu yako, unarudisha simu ya kampuni, na unataka kujua ni nani atalipia bando na muda wa maongezi. Ukijibiwa ndiyo, hifadhi jibu. Swali la gharama ulimalize hapo hapo, kwa sababu mwajiri akishaona simu ni yako, ni rahisi asahau kwamba kazi ni yake.

Hatua ya pili: andika kila kitu kilichofungwa kwenye kila nambari

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye maana kuliko zote. Chukua daftari. Ukurasa mmoja nambari ya kazi, wa pili nambari ya nyumbani. Usitegemee kumbukumbu, fungua meseji zako na ushuke nazo hadi chini, kwa sababu kila huduma iliyowahi kukutumia msimbo wa uthibitisho imeacha alama hapo.

Utakuta benki. Utakuta Sacco. Utakuta iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, NSSF ya pensheni, SHA ya bima ya afya, HELB ya mkopo wa masomo kwa wale ambao bado wanalipa. Utakuta shule ya watoto inayotuma matokeo, daktari wa ng'ombe, tokeni za umeme za Kenya Power zinazokuja kwenye nambari ambayo hata hukumbuki uliiandika wapi. Utakuta akaunti ya Google, na hiyo iwekee alama nyekundu: angalia nambari ya kurejesha nenosiri ni ipi. Watu wengi wameweka nambari ya kazi kwenye Gmail ya nyumbani. Siku ya kuacha kazi, laini inarudishwa, nenosiri linasahaulika, na picha zote za watoto zimefungiwa ndani.

Ukimaliza kuandika, kanuni ni nyepesi. Kila kitu chenye jina lako binafsi, yaani kodi, pensheni, afya, benki, picha, kihamie kwenye nambari unayoimiliki wewe. Kwenye nambari ya kazi kibaki cha kazi tu. Baadhi ya benki zitakutaka ufike tawini na kitambulisho ili kubadilisha nambari. Nenda. Usifanye hivyo mwisho wa mwezi, wala Ijumaa jioni.

Hatua ya tatu: pesa

Kabla ya kutoa kadi yoyote, lipa Fuliza na Okoa Jahazi (mkopo wa muda wa maongezi) kwenye laini zote mbili, ujue umebaki na kiasi gani. Angalia kama una akiba ya kufunga kwenye M-Shwari au mkopo wa KCB M-Pesa kwenye laini ambayo si ya jina lako. Akiba hiyo ni pesa yako iliyo kwenye akaunti ya mtu mwingine, na dawa yake ni kuitoa mapema; mkopo nao ulipwe.

Pakua taarifa ya M-Pesa ya kila laini kupitia programu ya M-Pesa au *334#, uihifadhi kwenye barua pepe. Meseji za M-Pesa zina kazi baadaye: mteja wa Mumias anasema alilipa, wewe huoni, na ujumbe ulibaki kwenye simu uliyomuuzia mtu. Meseji zenyewe zinaweza kuhamishwa kwa nakala rudufu ya Google ya simu yako, au kwa programu ya SMS Backup & Restore ambayo huzikusanya zote kwenye faili moja. Ukizihamisha za simu mbili kwenye simu moja, zitachanganyika, na hutajua ipi iliingia laini gani. Ndiyo sababu ninasisitiza taarifa rasmi kwa kila laini, kila moja kwa faili lake.

Kama una till (nambari ya biashara ya kupokea malipo) ya Lipa na M-Pesa, hakiki ni nambari gani inapokea ujumbe wa malipo. Kama ni Pochi la Biashara, kumbuka imefungwa kwenye laini yenyewe. Inahama na kadi.

Hatua ya nne: kuchagua simu na kadi

Piga *#06#. Simu yenye laini mbili huonyesha IMEI (nambari ya utambulisho wa simu) mbili, kila moja tarakimu 15. Ikionyesha moja tu, hata kama muuzaji anaapa, simu hiyo ni ya laini moja. Zinakili hizo nambari kwenye daftari lile lile, utazihitaji ukiibiwa.

Kisha toa kile kisahani cha kadi ukiangalie kwa macho yako. Kuna simu zenye nafasi tatu: laini mbili na kadi ya kumbukumbu. Kuna zenye nafasi mbili, ambapo ya pili ni ya laini au kadi ya kumbukumbu, uchague. Anayehifadhi picha za mashamba na stakabadhi kwenye kadi ya kumbukumbu hugundua jambo hili akiwa tayari amelipa.

Wenye jamaa Marekani wawe waangalifu zaidi. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone za soko la Marekani hazina tundu la kadi kabisa. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini inayowekwa kwa programu bila kadi. Nyingine hufungiwa kwenye mtandao wa huko, na hata eSIM hazitakubali. Muulize shangazi kabla hajaituma.

Je, eSIM ni nzuri? Ni nzuri, na Safaricom na Airtel wanazo, lakini nina sharti langu. Laini yenye pesa yako ibaki kwenye kadi ya kushikika. Sababu ni hii: simu ikianguka kioo kikafa uko Ugunja saa kumi na mbili jioni, kadi unaitoa, unaazima kabambe (simu ndogo ya vitufe) ya mtu, unaiweka humo, unatuma pesa, unapanda matatu. eSIM huwezi kuitoa hivyo. Itakubidi uiombe upya kutoka kwa kampuni ya simu. Laini ya kazi ndiyo ningeiweka kwenye eSIM.

Kadi kubwa ya zamani ya kabambe usiikate kwa mkasi. Fundi atakuambia ni kitu cha dakika moja, na mara nyingi ni kweli, lakini kadi ya miaka mingi ikipasuka unaanza safari nyingine. Enda dukani upewe kadi mpya ndogo ya nambari ile ile. Ujue tu kwamba benki kadhaa zikigundua kadi imebadilishwa husimamisha huduma za simu hadi uthibitishe upya. Ni kwa ajili ya kuzuia wezi, na ni usumbufu unaostahili, ila uupange: Jumanne asubuhi, ukiwa na taslimu mfukoni.

Jambo la mwisho kwenye simu. Usiunganishe laini zako kwenye simu ya mkopo inayolipwa kidogo kidogo kila siku, kama huna hakika na malipo. Simu hizo hujifunga zenyewe ukichelewa. Ulipokuwa na simu mbili, moja ikifungwa nyingine ingali inaita. Ukiwa na moja, bosi na mama wote hawakupati.

Hatua ya tano: majina

Watu wengi wana majina matatu mahali patatu: mengine kwenye kadi, mengine kwenye simu, mengine kwenye Google. Yaliyo kwenye kadi huwa jina na nambari tu. Toa yote kwenye kila simu kama faili la vcf, yaani faili la majina na nambari. Sehemu ya majina ina kitufe cha kuhamisha. Kisha kwenye simu mpya fungua akaunti mbili za Google, ya kazi na ya nyumbani, na kila faili liingie kwenye akaunti yake. Programu ya majina itakuwezesha kuonyesha yote pamoja au akaunti moja tu. Siku ya kuacha kazi unatoa akaunti moja na majina yake yote yanaondoka bila kumgusa mjomba.

Usiache kusafisha. Nambari moja huwa imehifadhiwa kwa 07, tena kwa +2547; zote ziandike kwa +254, zitakufaa hata ukivuka mpaka. Na huku kwetu huwezi kuandika "Otieno" ukaachia hapo. Otieno Fundi, Otieno Boda Kondele, Otieno wa Agrovet Awasi. Ukiwa na simu mbili, simu yenyewe ilikuambia ni Otieno yupi. Sasa kazi hiyo inafanywa na jina.

Orodha ya wateja iliyokusanywa kwa kazi ya mwajiri si yako ya kubeba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa nambari za watu wengine unazozishika, na kuzimimina kwenye akaunti yako binafsi ni kujitafutia maneno. Hii ni sababu nyingine ya kutenganisha akaunti hizo mbili.

Hatua ya sita: WhatsApp

Hapa ndipo machozi humwagika, kwa hiyo twende polepole.

WhatsApp ya nambari fulani inaishi kwenye simu moja kuu kwa wakati mmoja. Ukiisajili kwenye simu mpya, ya zamani inajifunga. Kwa hiyo nakala rudufu ifanywe kwenye simu ya zamani kwanza, muda mfupi kabla ya kuhama. Fungua mipangilio, gumzo, nakala ya gumzo. Soma pale imeandikwa akaunti gani ya Google, uiandike. Simu mpya itakuta nakala hiyo tu ikiwa una nambari ile ile na akaunti ile ile. Watu wengi huambiwa "hakuna nakala iliyopatikana" kwa sababu waliingia na Gmail nyingine. Nakala hiyo inakula nafasi ya bure ya Google, ambayo ni GB 15 kwa barua, picha na kila kitu. Ondoa video kwenye nakala. Video za asubuhi njema hazina haja ya kuvuka. Na kama uliwahi kuweka nenosiri la kulinda nakala na umelisahau, lizime na uweke jipya ukiwa bado na simu ya zamani mkononi. Baada ya hapo hakuna atakayekufungulia, hata WhatsApp wenyewe.

Kama simu zote mbili ni Android, kuna njia isiyopita Google: kwenye mipangilio ya gumzo, chagua kuhamisha gumzo, simu mpya isome ule mchoro wa mraba wa simu ya zamani. Washa Wi-Fi na mahali (location) kwenye zote mbili na uziweke karibu. Inafaa kwa mtu mwenye gumzo kubwa na bando dogo.

Sasa, nambari mbili kwenye simu moja. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ya Android inaruhusu akaunti mbili ndani ya programu moja. Unabonyeza mshale ulio karibu na jina lako na kuongeza ya pili. Inafanya kazi. Mimi bado ninapendekeza nambari ya kazi iende kwenye WhatsApp Business, programu ya pili ambayo ni ya bure. Ina ujumbe wa salamu, ina ujumbe wa "nimetoka, nitajibu kesho saa mbili", ina lebo za kupanga wateja. Kubwa zaidi, ina alama yake kwenye kioo, nayo inakukinga na ajali ile ambayo kila kikundi cha ofisi kinaijua: mtu ameandika "Leo sina nguvu, nitasema nina malaria" akidhani yuko kwenye kikundi cha binamu. Weka pia rangi tofauti ya mandhari na mlio tofauti. Hama kwenda Business ukiwa umeshafanya nakala, kwa sababu kurudi nyuma na mazungumzo yako si rahisi.

Baada ya kila usajili, weka pini ya hatua mbili ya WhatsApp. Msimbo wa tarakimu sita unaokuja kwa meseji usimpe mtu, awe anajiita nani.

Hatua ya saba: kupanga laini ndani ya simu

Kwenye mipangilio ya laini, zipe majina: KAZI na NYUMBANI, na rangi tofauti. Data iwe laini moja. Kupiga simu iwe "niulize kila mara". Ni mbofyo mmoja zaidi, lakini unaepuka kumpigia mteja na nambari ya nyumbani, maana akishaipata hataiacha.

Pesa ndiyo ya kuangalia kwa makini. Menyu ya kadi sasa inaonyesha M-Pesa mbili. Programu ya M-Pesa hufuata laini moja kwa wakati. Zoea kutumia programu kwa laini ya nyumbani na *334# kwa ile ya kazi, na usibadilishe mazoea hayo hata siku moja. Ukituma karo kutoka laini ya kampuni, kueleza ni kazi ndefu.

Kuna kitu wauzaji hawasemi. Simu nyingi za laini mbili zinasikiliza zote mbili zikiwa zimetulia, lakini ukianza kuzungumza kwenye moja, nyingine inapotea. Anayekupigia huambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Kwa mtu wa mauzo hilo ni jambo zito. Suluhisho lipo ndani ya mtandao wenyewe. Kwenye laini ya kazi piga **62*, nambari yako ya nyumbani, kisha #. Kwenye laini ya nyumbani piga **62*, nambari ya kazi, kisha #. Washa kusubirisha simu kwa *43# kwenye zote. Sasa ukiwa unaongea na nyumbani, simu ya mteja inageuka na kuja kama mlio wa kusubiri. Kuelekeza huko hutozwa kwako kama simu ya kawaida, kwa hiyo fanya majaribio na rafiki ujue inavyokula salio. Ukitaka kuondoa maelekezo yote, ni ##002#. Na tukiwa hapo: mtu akikupigia akijidai ni wa kampuni ya simu na kukuambia ubonyeze nambari inayoanza na **21*, kata. Anataka simu zako zote ziende kwake, pamoja na misimbo ya benki inayosomwa kwa sauti. *#21# itakuonyesha kama tayari kuna kitu kimeelekezwa.

Kwa wanaofanya kazi Busia, Malaba, au ufuoni Port Victoria: simu hupenda kunasa mtandao wa Uganda ukiwa ungali Kenya. Zima data ya ugenini (roaming) kwenye laini zote mbili, kila moja ina swichi yake, na uchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu.

Jioni na Jumapili

Ulipokuwa na simu mbili, ya kazi uliiacha kwenye droo. Sasa iko mkononi ukitazama picha za mtoto. Usipoweka mpaka, kuunganisha kutakuwa hasara.

Swichi ya kuzima laini moja ipo kwenye mipangilio ya laini. Zima KAZI saa uliyoamua, ile ya nyumbani itaendelea kuita. Ukifanya hivyo yale maelekezo ya **62* yatafanya kazi vizuri mno, kila simu ya mteja itakuja nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuzima, ondoa ya laini ya kazi kwa ##62#. Mimi naona ni rahisi zaidi kuacha laini imewashwa, kunyamazisha WhatsApp Business kwa ratiba ya hali ya utulivu ya Android, na kuruhusu simu za watu wachache uliowawekea nyota tu zilie usiku.

Mazungumzo na msimamizi yafanyike mapema, kwa adabu na bila kuzunguka: "Bosi, baada ya saa kumi na mbili nitajibu la dharura tu, na dharura nipigie, usiandike." Kenya haina bado sheria ya kumlinda mfanyakazi asisumbuliwe baada ya kazi. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa aina hiyo mwaka 2022. Kwa sasa kinachokulinda ni makubaliano yenu.

Kama mwajiri anataka kuweka programu zake kwenye simu yako, omba ziwekwe ndani ya wasifu wa kazi wa Android. Programu hizo huwa na alama ya mkoba, huzimwa zote kwa kitufe kimoja, na mwajiri anaweza kufuta upande huo bila kugusa picha zako. Akisema anataka kuisimamia simu nzima, mwambie anunue simu.

Yai moja, kikapu kimoja

Sasa simu ikipotea, vyote vimepotea. Yafuatayo yafanywe siku hiyo hiyo, usingoje wiki ijayo. Weka pini kwenye kadi zote mbili, ili mwizi asizihamishie kwenye simu nyingine. Lakini kwanza tafuta nambari ya PUK, yaani ya kufungulia kadi iliyojifunga, ya kila moja uiandike, maana ukikosea pini mara tatu ndiyo itakayoulizwa. Kwenye Safaricom, *100*100# hukuwezesha kuzuia kadi yako isibadilishwe ila kwenye maduka yao wenyewe. Jaribu huduma ya Google ya kutafuta simu ukitumia simu ya mtu wa nyumbani, uone kama unaweza kuingia bila msimbo unaotumwa kwenye simu ile ile iliyopotea. Hapo wengi hukwama. Pata misimbo ya akiba ya Google, uichapishe, uiweke na vyeti.

Na kabambe ya mulika mwizi, ile ya chaji ya siku nne, usiitupe. Iweke kwenye mkoba bila laini, imechajiwa.

Simu ya zamani

Isikae chini ya mwezi mmoja kabla ya kuiuza au kuirudisha. Acha mshahara uingie, Sacco ikate, tokeni zije, iTax ikutumie msimbo. Kitu ulichosahau kitajitokeza ndani ya mzunguko huo mmoja.

Kisha toa akaunti za Google kwenye mipangilio kwanza, halafu ndiyo uifute yote. Ukiifuta kwa vitufe vya pembeni bila kutoa akaunti, simu itamdai anayefuata nenosiri lako, naye atakurudia na hasira. Toa kadi ya kumbukumbu. Angalia kama kuna eSIM iliyobaki ndani.

Simu ya kampuni irudishwe kwa barua yenye IMEI, chaja yake na sahihi ya aliyeipokea. Ya kwako ukiiuza, iwe ni kwa jirani au kwa duka la simu za mitumba, andikianeni: IMEI, tarehe, bei, nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, sahihi mbili, na uipige picha karatasi hiyo. Simu hiyo ikija kukutwa mahali pabaya, polisi watafuata IMEI, na jina la kwanza kwenye njia hiyo litakuwa lako.